Ramani ya kijiolojia ya Tanga: namna ya kuipata na kuisoma

Anayetaka kuchimba kisima Pongwe, mkandarasi anayetafuta mawe ya kokoto karibu na Muheza, na mchimbaji mdogo anayefikiria bonde la Umba, wote wanahitaji karatasi ya aina moja. Kosa lao nalo hufanana: huanza na rangi. Huiona rangi ya buluu chini ya kijiji chao, huambiwa ni chokaa, na mjadala unaishia hapo. Rangi ndiyo kitu cha mwisho kuangaliwa. Kabla yake kuna skeli, mwaka wa uchapaji, mfumo wa kodineti (namba za kutaja mahali) na ufunguo, na ukiruka kimojawapo unaweza kusimama mita mia tatu kutoka mahali unapodhani umesimama.

Ramani ya kijiolojia huonyesha mwamba ulio juu kabisa pale ambapo udongo wa kawaida umeondolewa kimawazo. Pale penye mchanga wa pwani, tope la mikoko au mashapo ya mto yenye kina, hayo yenyewe huchorwa kama tabaka. Kwa hiyo rangi ikisema "mashapo ya mto", usidhani chini yake hakuna kitu. Mchoraji ameishia juu tu.

Kwanza, laha ipi?

Ramani za kijiolojia za Tanzania zimegawanywa kwa laha za robo digrii, yaani karatasi ambazo nne zake hujaza mraba wa digrii moja. Kila laha ina dakika 30 za latitudo kwa dakika 30 za longitudo, yaani mraba wa takribani kilomita 55 kila upande. Nyingi za zamani zilichapwa kwa skeli ya 1:125,000, ambapo sentimita 1 ni kilomita 1.25, na laha nzima huwa na upana wa kama sentimita 44. Nyingine, hasa za baadaye, ni 1:100,000, sentimita 1 kwa kilomita 1. Hesabu ya namba za laha si lazima uijue kichwani. Tafuta kodineti za mahali pako kwa simu, kisha uone zinaangukia kati ya nusu digrii zipi.

Jiji la Tanga liko karibu na 5°04' Kusini na 39°06' Mashariki. Laha yake basi ni ile ya kati ya 5°00' na 5°30', na kati ya 39°00' na 39°30'. Muheza iko magharibi ya mstari wa 39°, kwa hiyo iko kwenye laha ya jirani. Pongwe na mji wa Pangani ziko pembeni kabisa mwa mstari huohuo. Anayefanya kazi huko aombe laha mbili tangu mwanzo, la sivyo atarudi kuomba ya pili. Na asishangae mpaka wa miamba ukikatika au rangi ikibadilika ghafla kwenye mshono: laha mbili zinaweza kuwa zilipimwa na watu tofauti kwa miaka tofauti, na hakuna aliyezilinganisha. Kwenye mshono iamini zaidi laha mpya.

Pamoja nayo chukua ramani ya kawaida ya 1:50,000 yenye kontua, barabara na mito. Kila laha ya robo digrii hugawanyika kuwa nne za aina hiyo, zenye dakika 15 kwa 15. Ramani ya kijiolojia peke yake haitoshi uwanjani, kwa sababu barabara zake mara nyingi ni za wakati wa uchapaji, na nyingine zimeshakuwa njia za mbuzi.

Pa kuipata

Mahali pa kwanza ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye makao makuu Dodoma. Ndiyo inayotunza ramani za nchi, sampuli, ripoti za zamani na data za utafiti. Ukiandika au kufika, taja kodineti za pembe nne za eneo lako na usitaje jina la kijiji pekee, maana majina hujirudia. Uliza mambo matatu kwa mpigo: laha ipo kwa karatasi au kwa faili ya kompyuta, kijitabu cha maelezo ya laha hiyo kipo, na kama kuna ramani za jiofizikia au za jiokemia za eneo hilohilo. Kijitabu ndicho watu wengi husahau, ilhali ndani yake mna unene wa matabaka, mahali mwamba ulipoonekana wazi na mahali ulipokisiwa. Ukilazimika kuchagua kati ya ramani iliyochapwa vizuri bila kijitabu na nakala hafifu yenye kijitabu, chukua ya pili.

Malipo ya taasisi za serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, benki au kwa simu. Mtu akikutaka utume pesa kwenye namba yake binafsi ili "akutolee ramani haraka", ondoka.

Ramani za 1:50,000 ni za idara ya upimaji na ramani katika wizara inayosimamia ardhi. Kwa kisima, nenda pia Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo eneo lake linajumuisha mito ya Umba na Sigi. Kisima kirefu kinahitaji kibali, na kumbukumbu za visima vilivyokwisha kuchimbwa jirani, yaani kina, aina ya mwamba, wingi na chumvi ya maji, zina faida kubwa kuliko rangi yoyote. Kwa madini, Tume ya Madini na ofisi yake ya mkoa ndizo zitakazokuonyesha ni leseni ya nani iliyolala juu ya eneo unalolitamani. Angalia hilo kabla hujatoa nauli. Idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina ripoti na tasnifu za wanafunzi, ambazo wakati mwingine zimepima eneo dogo kwa undani kuliko laha ya serikali.

Mtandaoni kuna vya bure, ila vina mipaka yake. OneGeology huunganisha ramani za mataifa mengi. Africa Groundwater Atlas ya Uingereza ina ukurasa wa Tanzania wenye maelezo ya miamba na maji ya ardhini, pamoja na ramani ya jumla. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, lina ramani ya Afrika nzima inayopakuliwa. Zote ni za skeli ndogo. Kwenye ramani ya 1:5,000,000, milimita moja ni kilomita 5. Mkoa wote wa Tanga unatoshea kwenye kiganja. Zinafaa kukupa picha ya nchi na majina ya vipindi. Hazifai kuchagua kiwanja, hata ukizikuza hadi zijae kioo cha kompyuta. Kukuza hakuongezi kilichopimwa.

Kagua pembezoni kabla ya kuangalia katikati

Soma skeli mara mbili, kwa namba na kwa mstari uliochorwa. Nakala ya fotokopi hupungua au huongezeka, na hapo namba hudanganya huku mstari ukibaki kweli, kwa kuwa umepungua pamoja na ramani. Pima mstari kwa rula. Kwenye 1:125,000, kilomita 10 zinapaswa kuwa sentimita 8 kamili. Ukipata 7.6, karatasi yako imepungua kwa asilimia 5, na kila umbali utakaoupima uusahihishe.

Kisha upana wa mstari wenyewe. Mpaka wa miamba uliochorwa kwa kalamu ya nusu milimita unafunika mita 62 ardhini. Kwa hiyo swali la "je, kiwanja changu cha mita 30 kwa 30 kiko upande upi wa mpaka?" halina jibu kwenye karatasi hii. Jibu lake liko ardhini.

Mfumo wa kodineti ndio unaowaumiza wengi, kwa hiyo tukae nao kidogo. Simu na vifaa vya GPS hutumia WGS84, mfumo wa dunia nzima. Ramani nyingi za Tanzania zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa ukanda huu. Ukiandika kodineti za UTM, yaani zile za gridi ya mita, kutoka kwenye simu moja kwa moja juu ya gridi ya Arc 1960, kwa upande wa Tanga nukta yako itaanguka karibu mita 300 kusini na karibu mita 100 mashariki ya mahali ulipo kweli. Kwenye 1:50,000 hizo ni milimita 6, na kwenye 1:125,000 ni milimita 2 na kitu: zinatosha kukuhamisha kutoka kwenye chokaa hadi kwenye mchanga. Marekebisho ya haraka ya mkononi ni kuisogeza nukta mita 300 kaskazini na 100 magharibi. Marekebisho ya uhakika ni kuweka simu au GPS yenyewe kwenye Arc 1960, au kuiachia kazi hiyo programu ya ramani ya kompyuta iitwayo QGIS, ambayo ni ya bure.

Ukitumia QGIS, namba za mfumo ni 21037 kwa Arc 1960 kanda ya 37 Kusini (UTM huigawa dunia kwa kanda), na 32737 kwa WGS84 kanda hiyohiyo. Pakia picha ya ramani iliyoskaniwa, weka nukta kwenye pembe nne zenye latitudo na longitudo zilizoandikwa, ongeza mbili au tatu za katikati kwenye makutano ya gridi, kisha tazama kosa la wastani. Likizidi ukubwa wa milimita moja ya ramani, yaani mita 125 kwenye 1:125,000, kuna nukta umeiandika vibaya. Kosa la kawaida ni kubadilisha mashariki na kaskazini, au kuchagua kanda ya 37 Kaskazini badala ya Kusini. Kuna kipimo rahisi cha kujihakiki: mstari wa 39° ndio katikati ya kanda ya 37, kwa hiyo jiji la Tanga lazima lisomeke takribani mita 511,000 mashariki na mita 9,440,000 kaskazini. Ukipata namba hasi, uko kanda ya Kaskazini.

Laha kongwe zaidi huweza kuwa na mfumo mwingine kabla ya Arc 1960, au usitajwe kabisa. Hapo acha gridi. Ipachike ramani kwa vitu visivyohama: makutano ya mito, kilele chenye alama ya upimaji, reli, daraja la reli. Pwani usitumie mdomo wa mto wala kingo za mikoko, maana hizo huhama.

Ufunguo, na safari ya kutoka baharini

Ufunguo hupangwa kwa umri. Mwamba wenye umri mdogo kuliko yote huwa juu, mkongwe chini. Kila kisanduku kina rangi na herufi, na ni herufi za kuaminiwa zaidi, kwa sababu rangi hufifia juani na nakala nyeusi-na-nyeupe huziua zote. Jihadhari na herufi K. Katika mpangilio wa kimataifa ni kipindi cha Kretasia, lakini kwenye ramani za huku kwetu inaweza kusimama kwa Karroo, kundi la miamba ambalo ni kongwe zaidi kwa miaka milioni nyingi. Ufunguo wa laha hiyohiyo ndio unaoamua.

Tanga ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu mpangilio wake ni wa mstari: ukitoka baharini kwenda bara, miamba inazidi kuzeeka. Ufukweni, Ras Kazone kwa mfano, unakanyaga matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya maji, ya kipindi cha Pleistosini, pamoja na mchanga na tope la mikoko. Ukiingia kidogo bara unakutana na chokaa ya Jurasiki. Ndiyo iliyotobolewa na maji ikawa mapango ya Amboni, karibu kilomita 8 kaskazini mwa jiji. Magharibi yake kuna Karroo: miamba ya mchanga na ya udongo mgumu. Halafu, ukielekea Muheza na kupanda Usambara, unafika kwenye naisi na ndugu zake, miamba metamofiki iliyopikwa na kukandwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ramani za zamani huiita Usagaran. Za sasa huiweka katika Ukanda wa Msumbiji. Mwamba ni uleule, kilichobadilika ni uelewa wa watu, na ukilinganisha laha mbili za vizazi viwili utafikiri zinazungumzia milima tofauti.

Alama na mistari

Mstari usiokatika kati ya rangi mbili maana yake mpaka ulionekana au ulifuatiliwa vizuri. Mstari wa vipande umekisiwa. Nukta nukta, umefunikwa na udongo. Watu huzipita alama hizi kama mapambo, kumbe ndizo zinazokueleza mpimaji alitembea wapi na wapi alikaa kwenye gari akaunganisha. Mstari mnene, mara nyingi wenye herufi au vijino, ni mpasuko: miamba ya pande mbili imesogezwa. Pwani ya Tanga ina mipasuko, na ni mipasuko inayoharibu hesabu nzuri, kama utakavyoona.

Alama ndogo mithili ya herufi T yenye namba huonyesha mlalo wa tabaka. Mstari mrefu ni uelekeo wa tabaka, kijiti kifupi huonyesha upande unakoinamia, na namba ni digrii za mwinamo kutoka usawa. Alama ya 5 yenye kijiti upande wa mashariki inasema tabaka linashuka taratibu kuelekea baharini.

Kwa namba hiyo unaweza kukadiria kina. Tuseme sehemu ya juu ya chokaa inaonekana ardhini kilomita 2 magharibi ya kiwanja chako, mwinamo ni digrii 5 kuelekea mashariki, na ardhi ni tambarare. Zidisha mita 2,000 kwa tanjenti ya 5, yaani 0.087. Unapata kama mita 175 hadi kuifikia. Mwinamo ukiwa digrii 3, ni mita 105. Ona tofauti ya digrii mbili tu ilivyogeuza bajeti ya kisima. Kwa unene tumia sini: tabaka lililotanda kilomita 1 juu ya ardhi tambarare kwa mwinamo wa digrii 5 lina unene wa kama mita 87. Na kukiwa na mpasuko kati ya kiwanja na mahali pale, tupa hesabu yote, anza upya kwa kumbukumbu za visima.

Mabonde nayo huzungumza. Mpaka wa tabaka lililolala usawa hufuata kontua. Mpaka wa tabaka lililoinama hutengeneza umbo la V unapovuka mto, na ncha ya V kwa kawaida huelekea upande wa mwinamo. Fuatilia bonde la Mkulumuzi au la Sigi uone. Isipokuwa tabaka likiinama kuelekea mto unakotiririkia, kwa mteremko mdogo kuliko wa mto wenyewe, ambapo V hugeuka. Hali hiyo ni nadra, ila huwaponza wanaokariri.

Kuchora mkato

Laha nyingi zina mkato chini ya ramani, yaani mchoro wa ardhi kana kwamba imekatwa wima. Chora wako hata hivyo, unaopita kwenye eneo lako. Weka ukanda wa karatasi kwenye mstari unaokatiza uelekeo wa matabaka, kwa Tanga mara nyingi magharibi kwenda mashariki. Tia alama kila mpaka wa miamba na kila kontua, kisha uhamishie kwenye karatasi ya grafu. Kwenye 1:50,000, mita 100 za kimo ni milimita 2 tu, kwa hiyo utahitaji kukuza kimo, tuseme mara tano. Hapo kuna mtego: mwinamo nao hukua. Digrii 5 utazichora kama digrii 24, kwa kuwa tanjenti ndiyo inayozidishwa mara tano, si digrii. Anayesahau hili na kuchora digrii 5 zilezile hupata chokaa iliyo juu mno, kisha humwambia mteja kina kidogo kuliko kinachohitajika.

Kuipima kwa miguu

Barabara ya Tanga hadi Muheza kupitia Pongwe ni siku moja ya kazi, na inakata mpangilio wote. Beba ramani mbili, nyundo, miwani ya kinga, dira, protrakta yenye uzi na timazi kwa ajili ya mwinamo, msumari, na chupa ndogo ya siki. Simama kwenye miamba iliyo wazi: kingo za barabara zilizochongwa, mikondo ya mito, mashimo ya kifusi. Machimbo ni mazuri zaidi ila ni mali ya watu, na mengine hulipuliwa kwa baruti. Omba ruhusa ofisini, usijipenyeze.

Chokaa hutoa mapovu kwa siki, lakini siki ni dhaifu. Kwangua mwamba kwa msumari upate unga, tonesha hapo, sogeza sikio. Mapovu peke yake hayamalizi kesi, kwa sababu ndani ya naisi za Ukanda wa Msumbiji mna mikanda ya marumaru, nayo hutoa mapovu. Marumaru ina chembe zinazong'aa na haina mabaki ya viumbe. Matumbawe ya pwani huonyesha maumbo ya tumbawe lenyewe. Chokaa ya Jurasiki huwa imeshikana zaidi, na magamba ya viumbe wa bahari huweza kuonekana ndani yake. Naisi hutambulika kwa mistari ya rangi nyeupe na nyeusi iliyopindapinda, na nyundo huruka juu yake.

Ulichokiona kisipolingana na ramani, usikimbilie kusema ramani imekosea. Kagua kwanza mfumo wa kodineti. Halafu jiulize kama jiwe limekaa mahali pake au liliporomoka kutoka mlimani. Jiwe lisilotikisika lenye mlalo sawa na wenzake ndilo la kuandikwa. Jiwe la peke yake bondeni ni mgeni.

Kwa shughuli mahususi

Kisima: kwenye matumbawe ya pwani maji hupatikana karibu na hutoka kwa wingi, lakini pampu ikizidi nguvu, maji ya chumvi hupanda. Kwenye chokaa maji hupita katika nyufa na mapango, hayachujwi, kwa hiyo choo cha shimo cha jirani hufika kisimani upesi. Uliza umbali wa vyoo kabla ya kuuliza bei ya bomba. Kwenye naisi maji hukaa ndani ya nyufa na ndani ya tabaka lililooza juu ya mwamba, na visima viwili vilivyoachana mita 50 vinaweza kutofautiana kama mvua na ukame. Hapo ramani hukuonyesha mpasuko wa kukaribia, lakini kupima kwa umeme wa ardhi kabla ya kuchimba hakukwepeki.

Ujenzi: penye chokaa, hasa kuelekea Amboni, ulizia mashimo na mapango kabla ya kuweka msingi mzito. Ardhi inayolia tupu chini ya nyundo, au maji ya mvua yanayopotea ghafla kwenye shimo dogo, ni sababu ya kumwita mhandisi atoboe.

Madini: alama ya madini kwenye ramani maana yake mtu aliwahi kuyaona hapo. Kiasi hakisemwi, wala kama bado yapo. Vito vya Umba na dhahabu ya Handeni viko kwenye miamba metamofiki, kwa hiyo mtu anayekuuzia eneo la dhahabu juu ya matumbawe ya Mwambani mwombe akuonyeshe ufunguo wa ramani yake. Na hata mwamba ukiwa sahihi, leseni hutangulia jembe.

Faili ya ramani ihifadhi kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, mtandao hukatika ukipanda Usambara. Karatasi ikunjwe upande wa picha ukiwa nje na uifunge ndani ya mfuko wa nailoni, kwani jasho la mkono peke yake hufuta herufi za laha za zamani.